Kesho Sitakuwa Stesheni

Zuhura mwanangu,

Barua hii utapewa na baba yako mkishafika stesheni, na najua utakachomuuliza: mama yuko wapi? Mama hayupo. Kesho sitakuja kukusindikiza. Nimeanza na hilo ili usisome hadi mwisho ukidhani kuna mahali nitajitokeza.

Usifikiri ni hasira. Hasira ni yako, na unayo haki nayo. Mimi nina uchovu tu. Saa ileile treni yako itakapokuwa inaondoka, kikao cha katiba pale mwaloni, mitumbwi inakotia nanga, kitakuwa kinaendelea kutoka pale kilipoishia juzi, nami nimemwomba Mzee Kashindi, mwenyekiti, anipe nafasi ya kwanza kuzungumza. Hakuamini.

"Wewe, Mama Zuhura? Wewe ambaye hata salamu unaitikia kwa kichwa?"

Nikamwambia ndiyo, mimi.

"Basi wahi kufika," akasema, "kabla hujaghairi."

Mambo ya nguo, ya pesa, na ya watu wa kwenye treni wanaokununulia soda usiyoiomba, baba yako amekwisha kukueleza, tena mara nyingi kuliko ulivyotaka. Sina la kuongeza. Nakuandikia sasa hivi mchana, ukiwa umekwenda Mwandiga kumuaga bibi yako, kwa sababu ukiwa humu ndani kalamu haiendi. Tangu juzi tunapishana mlangoni kama wapangaji wawili.

Basi nianze na juzi.

Ulisimama. Mbele ya wavuvi wote, wengine wakiendelea kushona nyavu zao mapajani, ulisimama na ile Katiba Inayopendekezwa mkononi, nakala yangu ya zamani iliyokunjika pembe. Watu walikuwa wamebishana mpaka mate yamewakauka. Hawa wanasema kitabu kipo, kimeshaandikwa kwa gharama, kipelekwe kwenye kura tukipitishe au tukikatae, yaishe. Wale wanasema kimeshachacha, tuanze upya na watu wengine. Wewe ukasema kwa sauti ambayo sijui umeitoa kwa nani, kwangu hukuitoa: "Shikamooni wazee wangu. Kabla hatujaamua kipigiwe kura au kisipigiwe, naomba wanyooshe mikono waliokisoma."

Watu wakacheka. Kilikuwa kicheko kizuri, cha watu waliokamatwa. Hata Mzee Kashindi alicheka akaficha mikono kwapani. Halafu yule kijana mwenye jezi nyekundu akasema kule nyuma, "Huyu si binti wa yule Mkongo? Nani kamwambia hiyo katiba ni ya kwao?"

Na mimi, badala ya kugeuka nikamtazama aliyesema, nilikushika kanga nikakuvuta chini. "Kaa," nikasema.

Ukakaa. Kisha ukanitazama, na tangu hapo hujanitazama tena. Jicho lile nilikuwa ninalijua. Nilishawahi kutazamwa hivyo na mtu mwingine, pale pale mwaloni, kwa ajili ya kitabu kilekile. Hilo sijakueleza kamwe, na baba yako nilimweleza nusu.

Unajua nilizaliwa Ujiji. Unajua mama yangu alipofariki nilivushwa ziwa kwenda kulelewa na bibi yangu Uvira, Kongo. Usichojua ni jinsi nilivyorudi. Kule nilisoma Kifaransa. Mwalimu wetu alikuwa hataki kusikia Kiswahili darasani. Ukiteleza unachapwa, na wenzangu walikuwa wakiniita Mtanzania. Nikarudi hapa Kigoma nikiwa msichana wa kuanza kuota kifua, umri mbaya kuliko wote wa kuchekwa. Siku ya kwanza mwalimu akaniuliza tulikuwa wangapi nyumbani, nikasimama nikasema, "Batoto batatu." Darasa zima likalipuka. Mwaka ule wote jina langu lilikuwa Batoto.

Nikajifunza kunyamaza kwa lugha mbili. Majibu nilikuwa nayo, mwanangu. Nilikaa nyuma karibu na dirisha, swali likiulizwa jibu linapanda mpaka kooni, nalimeza. Akija mwingine akalisema lilelile na kupigiwa makofi, najisikia kama nimeibiwa, nami ndiye niliyeacha mlango wazi. Baba yako aliponiposa, aliwaambia ndugu zake amepata msichana mwenye heshima. Maskini. Ulikuwa woga.

Sasa kile kitabu. Wewe ulikuwa bado mdogo, unacheza na ndoo zetu mwaloni. Bunge la kutunga katiba lilikuwa limemaliza kazi yake huko Dodoma, nakala zikaletwa, tukaambiwa itapigwa kura ya maoni, ndiyo au hapana. Nakala moja ikafika kwetu waanikaji wa dagaa. Wengi wetu shule iliwapita kando, basi wakanipa mimi niwasomee. Nilikuwa nasoma wakati wao wanageuza dagaa, na ndizo siku pekee maishani mwangu ambazo nimesikilizwa bila kuona aibu, kwa sababu walionisikiliza walikuwa wameinama. Hakuna aliyekuwa ananitazama usoni.

Aliyependa zaidi alikuwa Mama Riziki. Yule uliyekuwa ukimwita Mama Mkubwa; sijui kama unamkumbuka vizuri. Wazazi wake walivuka kutoka ng'ambo kama babu yako. Alikuwa na mdomo, na alikuwa rafiki yangu. Tulipofika kwenye sehemu inayotaja haki za wakulima, wafugaji na wavuvi, alinisimamisha.

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Mvuvi katajwa. Haya, hongera yake. Na anayeanika?"

"Hajatajwa."

"Tafuta vizuri. Labda kajibanza nyuma ya mkulima."

"Hayupo, dada."

"Basi wamempika pamoja na dagaa," akasema, na kina mama wakacheka mpaka mmoja akakaa chini mchangani.

Lakini hatukuwa tunacheka tu. Unaujua ule mchanga tunaoanikia. Kila anayekuja na mpango wa kuujenga mwalo huanza kwa kutuondoa sisi. Wavuvi huulizwa, sisi tunaambiwa. Kwa hiyo tukakubaliana kwamba kabla hatujapiga kura tuulize swali moja: anapotajwa mvuvi, na mwanamke anayeanika yumo? Wakijibu vizuri, tunapiga ndiyo. Wakijiumauma, tunapiga hapana. Nikatumwa mimi nilibebe swali, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nasoma. Nilitaka kukataa, lakini hata kukataa kunahitaji kufungua mdomo.

Kabla ya kikao cha kuelezwa kitabu hicho akaja afisa mmoja, mgeni wa mji huu, kijana mpole tu. Aliambiwa mimi ndiye msemaji wa wanawake, akanifuata kwenye mikeka yangu. Akanitajia siku aliyoitaka. Nikapiga hesabu kichwani, nikaona siku hiyo mwezi utakuwa haupo. Wewe umekulia hapa: mwezi ukiwa mweupe, taa hazivuti dagaa, wanaume wanalala nyumbani na kikao kinajaa. Mwezi ukifa, usiku watu wote wako ziwani, na asubuhi mitumbwi inapotia nanga kila mkono wa mwanamke uko kwenye dagaa wabichi kabla hawajaharibika. Hakuna mtu wa mwaloni anayeita kikao siku za giza. Mtoto mdogo anajua. Nikaanza kumwambia, "Lakini siku hizo, bwana afisa..."

Akatabasamu. "Kiswahili chako kina maji ya ng'ambo, mama. Wewe ni wa huku kweli?"

Alikuwa anatania. Leo najua alikuwa anatania. Hata kitambulisho hakuniomba. Lakini mimi nilisikia darasa zima likilipuka tena.

"Siku hiyo inafaa," nikasema.

Ndivyo ilivyokuwa. Asubuhi ya kikao mitumbwi ilikuja imejaa. Kina mama wakaniambia, "Nenda, Mama Zuhura, kaseme, dagaa wako tutakugeuzia." Nikaenda. Viti vilikuwa na watu wa maduka na watumishi waliovaa mashati ya kupiga pasi. Wavuvi waliokuwepo walikuwa wanasinzia, ungedhani wamekuja msibani. Afisa akaeleza, akaeleza, akauliza, "Kuna swali?" Swali likanipanda mpaka kooni. Nikalimeza. Akauliza tena. Nikatazama kandambili zangu.

Alikuwa karibu kufunga kikao Mama Riziki alipoingia, magamba yanang'aa mikononi mpaka viwikoni, anahema. Alikuwa amekuja kusikia jibu. Alipoona nimejikunyata na kikao kinavunjika, akauliza mwenyewe, akiwa amesimama mlangoni: "Samahani bwana. Anayeanika yumo?"

Afisa hakuelewa. "Swali hili limetoka wapi? Nani kakutuma?"

"Hakuna aliyenituma mimi. Tulimtuma huyu." Akaninyooshea mkono wenye magamba.

Wote wakageuka. Mtu mmoja akasema pembeni, wala hakunong'ona, "Hawa ndio Wakongo wenyewe. Leo wanatupangia katiba."

"Ni kweli, mama?" afisa akaniuliza. "Walikutuma?"

Nikatikisa kichwa. Kwa miaka mingi nimejiambia kwamba nilitikisa kwa kuchanganyikiwa, kwamba haikuwa hapana kamili. Ilikuwa hapana kamili.

Mama Riziki alinitazama kwa jicho lile ulilonitazama juzi. Akasema, "Haya." Akarudi kwenye dagaa. Kikao kikafungwa, ikasemwa wananchi wa mwalo wameelewa na wameridhia.

Utaniambia kura yenyewe haikupigwa, na ni kweli. Iliahirishwa, ikanyamaziwa, na kitabu kikabaki kwenye masanduku ya watu pamoja na vyeti vya ubatizo na hirizi. Nilijifariji kwa hilo: kama kura haikuwepo, basi hata swali halikukosa kitu. Lakini ile sauti ya pembeni haikuahirishwa. Haikupita muda watu wakaanza kumuuliza Mama Riziki habari za uraia wake. Baba yake alizaliwa wapi, nani shahidi. Akaitwa hapa, akaitwa pale, akirudi siku imekwisha na dagaa wake wameoza. Hakuna aliyemfukuza. Walimchosha tu. Mwishowe akabeba mikeka yake akahamia Mwamgongo kwa shemeji zake. Siku anaondoka nilikuwa mwaloni. Niliinama nikawa nageuza dagaa waliokwisha kugeuzwa.

Mimi hakuna aliyeniuliza kitu. Nilikuwa nimenyamaza vizuri.

Watu wanadhani kunyamaza ni kupumzika. Nilidhani hivyo mimi pia. Kumbe unabeba kila ulichoacha kusema, nacho hakipungui uzito. Wewe ndiye unayepungua. Nimechoka, Zuhura, na si kwa kuinama juani. Mgongo ukiuma unalala. Hiki kingine kinalala na wewe, mnaamka pamoja.

Jana nilikuambia nakwenda sokoni. Nilikuongopea. Nilipanda boti kwenda Mwamgongo.

Nilimkuta anapanga dagaa juu ya kichanja. Siku hizi wenzetu wameacha mchanga. Hakuinua uso.

"Karibu, mwalimu wa katiba."

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umekuja kunisomea palipobaki?"

Nikasema nimekuja kuomba... sikumaliza. Akanionyesha upande wa pili wa kichanja. "Utaomba huku unafanya kazi. Hawa hawawezi kungoja ulie."

Basi tukageuza dagaa, mimi huku, yeye kule. Nikasema yote. Nikasema siku ya giza, nikasema inafaa, nikasema kichwa nilivyokitikisa. Hakunisaidia kwa neno hata moja. Nilipomaliza, akafuta mikono kwenye kitenge.

"Kukukasirikia nimeshachoka," akasema. "Ila kuchoka si kusamehe. Usije ukashuka kwenye boti huko kwenu ukasema Mama Riziki kanisamehe."

"Sitasema."

"Na huyu mtoto? Nasikia ana mdomo."

Nikamweleza habari za juzi. Nilipofika kwenye kanga, akaacha kazi kabisa. "Ulimvuta? Mbele za watu?"

"Nilimvuta."

"Mama wee. Na yeye akakaa?"

"Akakaa."

"Basi ana adabu kuliko sisi wote. Mimi ningekuachia hiyo kanga nikabaki nimesimama na gauni." Akacheka, nikacheka, na kwa muda kidogo tukawa kama zamani. Kisha akauliza kikao kinaendelea lini. Nikasema keshokutwa. Akauliza wewe unaondoka lini. Nikasema keshokutwa, saa hiyohiyo. Akatazama ziwa.

"Mimi siji," akasema. "Usinitazamie mlangoni. Pale nilishauliza."

Ndiyo maneno yake. Nimerudi nayo kwenye boti safari nzima.

Baba yako hakubaliani na mimi. Jioni aliniambia, "Kikao kingine kitakuja. Mtoto anaondoka mara moja." Amesema kweli. Lakini hilo la kikao kingine kitakuja ndilo nililolala nalo miaka yote hii, na kila kilipokuja nilikuwa na dagaa, au mgonjwa, au wewe. Wewe ndiye uliyekuwa sababu yangu nzuri kuliko zote. Nina mtoto, nilikuwa nasema, siwezi kujitafutia maneno. Nikija kesho stesheni nitakuwa nimekutumia tena kwa kazi hiyohiyo. Ningelia, ningekushikilia dirishani, watu wangesema mama yule anampenda mwanawe. Na ningekuwa nimekimbia.

Usidhani ninajua kitabu kipitishwe au kisipitishwe. Sijui. Nimekisoma tena wiki hii. Kuna mahali kinanifurahisha na mahali kinanitia shaka, na wanaosema tuanze upya nao sijawasikia wakimtaja mwanamke wa kuanika. Kesho sitasema ndiyo wala hapana. Nitasema jina langu, na jina la baba yangu aliyezikwa Ujiji, na kwamba niliwahi kutumwa swali na wanawake wa mwalo huu sikulifikisha, na aliyelifikisha nilimkana. Nitamtaja kwa jina. Halafu nitaliuliza. Na yule wa jezi nyekundu akitaka kujua mimi ni wa wapi, mwezi ni mweupe, watu wote watakuwepo, atauliza nikiwa nimemtazama.

Hivyo ndivyo ninavyoandika nikiwa peke yangu chumbani. Kesho ni habari nyingine.

Unakwenda Dodoma, mji uleule walikokiandikia. Chuoni watakuuliza wewe ni wa wapi, utasema Kigoma, na baadhi yao watauliza tena: Mha au Mkongo? Una vyote viwili, cha baba yako na changu, na jibu ni lako, toa lolote, au uwaulize wao. Siwezi kukufundisha kumtambua anayetania na anayechokonoa. Mimi nilikosea: yule kijana alinitania nikamjibu kama mshtakiwa, na rafiki yangu akaadhibiwa. Ninachoweza kukuambia ni kwamba juzi hukukosea hata kidogo. Swali lako lilikuwa zuri. Walipaswa kunyoosha mikono. Mimi nilipaswa kunyoosha wangu, kwa sababu nilikisoma, chote, kwa sauti, na nilikuwa nimekaa karibu yako.

Nisamehe kwa ile kanga. Na usipoweza sasa, usijilazimishe. Nimeshaona jana kwamba mtu anaweza kucheka nawe, akakulisha, akakusindikiza mpaka kwenye boti, na bado hajakusamehe, na siku ikaisha salama.

Ukifika usinipigie kuniuliza nilisemaje. Nitajipendelea. Muulize Mzee Kashindi, yeye hajui kupamba. Akikuambia nilisimama nikakwama, mwamini. Akikuambia sikusimama kabisa, mwamini pia, na barua hii uichane.

Baada ya hapo nipigie mimi. Ukiwa bado umekasirika, nipigie hivyohivyo, sema umefika, ukate.

Mama yako,
Buzebazeba, Kigoma